Ploti, hati na maji: Hesabu ngumu ya familia changa za Nakuru zinazotafuta makao

NI nadra kwa familia changa mjini Nakuru kununua nyumba. Aghalabu familia hujenga, tena chumba baada ya chumba, kwa muda wa miaka mingi. Tofauti baina ya maneno hayo mawili, kununua na kujenga, ndiyo inayoeleza jinsi wanandoa wengi wa umri wa miaka 25 hadi 40 wanavyoishi katika eneo hili la Bonde la Ufa: wanavyokula, wanavyosafiri, wanavyosomesha watoto na hata wanavyogombana. Ndiyo pia inayoeleza kwa nini jasho la miaka sita linaweza kupotea kwa sahihi moja tu.

Wengi hudhani kikwazo kikuu ni uhaba wa pesa. Pesa ni kikwazo, bila shaka. Lakini familia nyingi ambazo ndoto zao huvunjika hazivunjiki kwa kukosa fedha, bali kwa kuzitumia kabla ya wakati: kulipia ardhi kabla ya kuchunguza hati, kusimamisha ukuta kabla ya kuujua udongo, na kuhamia mahali kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi. Mpangilio wa hatua, wala si wingi wa mapato pekee, ndio huamua iwapo akiba itageuka kuwa makao.

Mji wa wapangaji

Nakuru ulizaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka 1900. Mnamo 1904 ulitangazwa rasmi kuwa mji mdogo, na walowezi wa Kizungu wakaufanya kitovu cha mashamba yao. Waafrika waliofanya kazi katika reli, viwandani na majumbani hawakutarajiwa kumiliki makao humo. Mitaa ya zamani ya baraza la mji, kama vile Bondeni, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo na Abong'lo Weya, ilijengewa wapangaji, na vyumba vingi vilikusudiwa mfanyakazi aliyeacha familia yake mashambani.

Baada ya uhuru mwaka 1963, njia ya kumiliki ardhi ilipitia kwenye kampuni na vyama vya kununua mashamba. Wananchi wasio na uwezo mkubwa walichanga fedha, wakapewa hisa, kisha wakapiga kura ili kila mmoja ajue kipande chake. Ngwataniro Mutukanio na Ndeffo, chama cha waliopigania uhuru katika wilaya ya Nakuru, ni miongoni mwa majina yanayokumbukwa hadi leo. Kupitia utaratibu huo maelfu ya watu walipata mahali pa kuishi. Hata hivyo, wapo waliokaa miaka mingi wakiwa na cheti cha hisa tu bila hatimiliki, na urithi huo wa karatasi zisizokamilika ungali unawaandama wanunuzi wa leo.

Wakati huohuo idadi ya watu imepanda kwa kasi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 1,603,325 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nakuru. Ile ya 2019 ikapata 2,162,202. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu milioni katika muda wa miaka 10. Tarehe mosi Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji huo hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hadhi hiyo iliwafurahisha wenye ploti. Kwa anayetafuta ploti, ilikuwa sababu nyingine ya kuambiwa kwamba bei ya mwaka jana haipo tena.

Mkopo wa benki ni wa wachache

Katika mataifa mengi yaliyoendelea, kijana aliye na kazi hukopa benki, akahamia katika nyumba iliyokamilika, kisha akalipa kwa miaka 20 au zaidi. Nchini Kenya njia hiyo ni nyembamba mno. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zimeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba mikopo ya nyumba katika nchi nzima ni takriban 30,000 pekee, ilhali idadi ya Wakenya imepita milioni 47.

Sababu yake inapatikana katika hesabu rahisi. Nyumba inayohitaji mkopo wa Sh3 milioni, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka na muda wa miaka 20, humtaka mkopaji alipe takriban Sh37,300 kila mwezi. Akimaliza, atakuwa amelipa karibu Sh9 milioni, yaani mara tatu ya alichokopa. Riba ikishuka hadi asilimia 9.5, malipo hupungua na kuwa takriban Sh28,000 kwa mwezi. Ni nafuu kubwa, ila bado ni zaidi ya mshahara wa walimu wengi wa shule za kibinafsi, makarani na wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha.

Ni kwa ajili ya kupunguza riba hiyo ndipo Kampuni ya Kufadhili Mikopo ya Nyumba, maarufu kama KMRC, iliundwa mwaka 2018. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu kwa riba ndogo, ili navyo viwakopeshe wanachama kwa riba isiyofika asilimia 10. Lakini hata hapo, mkopaji hutakiwa kuwa na mapato yanayothibitika na hati safi ya ardhi. Mwenye kibanda sokoni au mwendeshaji bodaboda, ambaye mapato yake hubadilika kila juma, huona mlango huo ukiwa wazi lakini kizingiti kikiwa juu.

Akiba inayokula kwenye sahani

Kwa hivyo familia nyingi hurudi kwenye sacco na chama. Tuchukue mfano wa mume na mke walio na watoto wawili. Mume ni karani mwenye mshahara wa Sh38,000, na baada ya makato ya lazima hupokea Sh31,000 hivi. Mke huuza nguo za mitumba na katika mwezi mzuri hupata faida ya Sh17,000. Jumla ni Sh48,000. Kodi ya nyumba yao ni Sh8,000, na hiyo kwa miaka 10 ni Sh960,000 ambazo hazitawaachia hata tofali moja.

Wakiweka Sh8,000 kila mwezi katika sacco, baada ya miezi 25 watakuwa na Sh200,000. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua ni ya kawaida. Watapata Sh600,000. Wakilipa kwa miezi 48, kila mwezi watatoa takriban Sh15,800, na riba yote itakuwa kama Sh158,000. Ni gharama wanayoweza kuimeza, tofauti na ile ya benki.

Ila maisha ya kila siku ndiyo hulipa. Toa Sh15,800 za mkopo, Sh8,000 za kodi na Sh2,000 za kuendeleza akiba, nao watabaki na Sh22,200. Kwa siku 30 hizo ni Sh740 za chakula, karo, nauli, stima, maji na dawa kwa watu wanne. Na huo ni mwezi mzuri. Mvua ikinyesha juma zima na biashara ya mitumba ikaleta Sh7,000 badala ya Sh17,000, kiasi hicho hushuka hadi takriban Sh400 kwa siku.

Hapo ndipo nyama huwa ya sikukuu, mume akaanza kutembea kwenda kazini badala ya kupanda matatu, na safari ya kwenda kuwaona wazazi Desemba ikaahirishwa. Mtoto aliyezaliwa mwezi ambao wazazi walianza kuweka akiba atakuwa ametimu miaka sita na yuko shuleni wakati mkopo wa ploti unapokwisha. Na hapo hakuna hata jiwe moja la nyumba lililowekwa.

Kuna tahadhari mbili kuhusu njia hii. Kwanza, mkopo wa sacco huhitaji wadhamini. Anayemdhamini mwenzake ameweka akiba yake rehani, na mwenzake akishindwa kulipa, ni akiba hiyo itakayokatwa. Si ajabu familia iliyojinyima miaka miwili ikajikuta nyuma kwa deni lisilo lake. Pili, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Kanuni hiyo huwaudhi wakopaji wenye haraka, lakini imewanusuru wengi wasiishie kupokea hati ya malipo isiyo na kitu.

Karatasi kabla ya pesa

Ploti inayotangazwa sana viungani mwa Nakuru, kuanzia Kiamunyi na Mawanga hadi Lanet, Bahati, Njoro na Rongai, ni ya futi 50 kwa 100. Wauzaji huiita thumuni ya ekari. Kwa kweli huwa imepungua kidogo: futi 50 kwa 100 ni futi 5,000 za mraba, ilhali thumuni kamili ya ekari ni futi 5,445 za mraba. Upungufu huo si mkubwa, lakini ni onyo la mapema kwamba maneno ya tangazo na vipimo vya ardhini ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa shamba, na kama kuna mkopo, zuio au amri ya mahakama juu yake. Muuzaji anayeonyesha nakala ya hati lakini hataki mnunuzi afanye upekuzi amekwisha kujieleza.

Hatua ya pili ni kujua iwapo ploti ina hati yake yenyewe au ingali sehemu ya shamba kubwa lenye hati moja. Ploti nyingi za viungani huuzwa zikiwa bado hazijagawanywa rasmi. Mnunuzi hupewa makubaliano ya mauzo na ahadi ya hati "baada ya miezi mitatu." Muuzaji akifariki dunia, akikosana na ndugu zake au akiliweka shamba rehani, miezi mitatu hugeuka kuwa miaka. Anayeuziwa kwa cheti cha hisa au kadi ya kura ya kampuni ya zamani yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani kipande kimoja huweza kuwa kimeuzwa kwa watu zaidi ya mmoja.

Hatua ya tatu ni idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, iwapo ardhi hiyo ingali ya kilimo. Sheria hutaka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano yatiwe sahihi. Bila idhini, mauzo huwa batili kisheria, na mnunuzi huachwa akidai kurudishiwa fedha zake kutoka kwa mtu ambaye pengine amekwisha kuzitumia.

Hatua ya nne ni kumleta mpimaji wa ardhi aliyesajiliwa ili aonyeshe mawe ya mipaka. Kuonyeshwa ploti moja na kuandikiwa nyingine ni hila ya zamani, nayo ingali inafanya kazi. Mpimaji pia ataonyesha iwapo kipande hicho kimeingia katika ardhi iliyotengewa barabara, reli au nyaya za stima.

Uzito wa hatua hizi uliongezeka Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi baina ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Majaji walisema hatimiliki peke yake haitoshi iwapo asili yake ni haramu, na kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema hakujua. Ingawa mgogoro huo ulihusu ardhi ya Pwani, mafunzo yake yamemfikia kila mnunuzi nchini. Haitoshi kuuliza kama hati ni halali. Ni sharti kuuliza ilivyopatikana, tangu mmiliki wa kwanza.

Gharama nazo zisisahaulike. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya Sh600,000 hizo ni Sh24,000 au Sh12,000, kando na ada za wakili na mpimaji. Wanandoa wanaotumia mkopo wote kumlipa muuzaji hujikuta na ploti wasiyoweza kuihamisha kwa jina lao.

Udongo, ziwa na meno ya watoto

Nakuru iko baina ya kreta ya Menengai na ziwa, juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano. Jina lenyewe hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Udongo huo hulimika vizuri, ila hubebwa na maji upesi. Mvua kubwa zinaponyesha, nyufa ndefu hufunguka katika baadhi ya sehemu, hasa upande wa magharibi mwa mji, na ardhi ikatitia. Machi 2018, ufa mkubwa ulijitokeza karibu na Maai Mahiu, ukaikata barabara ya kuelekea Narok.

Maji ni hatari ya pili. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka Solai na kuua watu 48. Tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko ya usiku yaliangamiza makumi ya watu eneo la Maai Mahiu. Maziwa nayo yameongezeka tangu takriban mwaka 2010. Ziwa Nakuru lilipanuka kutoka kilomita 40 hivi za mraba hadi zaidi ya 60 kufikia 2020, na wakazi wa pembezoni mwake wakapoteza makao. Huko Naivasha, mtaa wa Kihoto ulifunikwa na maji, na watu waliokuwa na nyumba za mawe wakarudi kuwa wapangaji.

Mnunuzi hahitaji kuwa mtaalamu wa miamba ili ajikinge. Ataizuru ploti wakati wa masika, si kiangazi pekee. Atawauliza majirani wa miaka mingi maji hupitia wapi na kama ardhi imewahi kufunguka. Ataziangalia kuta za nyumba jirani. Ufa mmoja ni kazi duni ya fundi. Nyufa zinazofuata mstari mmoja kutoka nyumba hadi nyumba ni habari nyingine kabisa.

Jambo la tatu haliko katika hati yoyote. Maji ya visima vingi virefu vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hutaka kisipitwe. Madini hayo huyafanya meno kuwa ya rangi ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Walio hatarini zaidi ni watoto wasiozidi umri wa miaka minane, kwa sababu meno yao ya kudumu yangali yanaundwa ndani ya ufizi. Kwa maneno mengine, familia changa huhamia kwenye ploti yenye kisima katika umri uleule ambao watoto wao wana hatari kubwa.

Wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua sufuriani, floridi iliyobaki huzidi makali. Kinachosaidia ni vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeieneza kwa miaka mingi, au maji ya mvua yanayovunwa kutoka paa safi la mabati. Kwa sababu hiyo, mifereji ya paa na tangi si mapambo ya kuwekwa mwisho. Ni sehemu ya nyumba yenyewe.

Kuhamia kabla ya kumaliza

Ujenzi wenyewe huanza kwa mambo yasiyoonekana: ua, choo, tangi. Kisha familia nyingi husimamisha vyumba viwili vya mabati nyuma ya ploti, zikahamia. Jamaa huuliza kwa nini wameacha nyumba ya mawe ya kupanga na kwenda kukaa kwenye mabati. Jibu ni Sh8,000. Kodi iliyokuwa ikimwendea landilodi sasa hununua saruji, na kwa mwaka mmoja hiyo ni Sh96,000. Mwizi wa vifaa vya ujenzi naye hupata taabu pale mwenyewe anapolala.

Mawe hutoka katika machimbo ya eneo hilohilo, yakiwemo yale mashuhuri ya Ndeffo, jambo linalopunguza gharama ya usafiri. Mji huu pia una historia ya kutafuta njia nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la ITDG, ambalo baadaye lilijulikana kama Practical Action, lilishirikiana na vikundi vya wakazi wa Nakuru wenye mapato ya chini kuweka akiba ya pamoja na kujenga kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, Nakuru ulikuwa miongoni mwa miji iliyojaribu kulegeza masharti ya ujenzi ili vifaa vya bei nafuu vikubalike.

Hata hivyo, kujenga kwa awamu si kujenga bila ramani. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 humtaka mjenzi apate idhini ya kaunti. Wanaokwepa ada hiyo hujikuta wakibomolewa au kunyimwa mkopo wa kumalizia. Ramani ya nyumba nzima ikichorwa tangu mwanzo, vyumba viwili vya kwanza vitakaa mahali pake na msingi utabeba vitakavyofuata. Bila ramani, chumba cha tatu huziba dirisha la cha pili. Na kwa kuwa udongo ni wa majivu, msingi ndio mahali pa mwisho pa kubana matumizi.

Mpango wa serikali

Kuna njia ya tatu, nayo ni nyumba za bei nafuu za serikali. Ushuru wa nyumba ulioanzishwa na Sheria ya Fedha ya 2023 ulikataliwa na Mahakama Kuu mnamo Novemba mwaka huo. Machi 2024, Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara yakarejea, huku mwajiri akitoa kiasi sawa. Karani wa Sh38,000 hukatwa Sh570 kila mwezi.

Kukatwa hakumpi mtu nyumba. Ni lazima ajisajili katika mfumo wa Boma Yangu, aweke akiba hadi atimize amana inayotakiwa, kisha angoje kugawiwa. Sheria huzitenga nyumba kwa mapato: za kijamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu kwa wanaopata kuanzia Sh20,000 hadi Sh149,000. Mwenye nyumba hiyo hawezi kuiuza bila idhini ya bodi husika.

Mjini Nakuru, mradi unaojulikana zaidi ni ule wa Bondeni wenye nyumba 605, ulioanzishwa wakati wa utawala wa Rais Kenyatta. Ni jambo la kutia moyo kwamba mtaa uliojengewa wapangaji wakati wa ukoloni sasa una nyumba za kumilikiwa. Ila nyumba 605 katika kaunti ya watu zaidi ya milioni mbili ni tone. Familia yenye busara itajisajili, lakini haitaacha kuweka akiba ikingoja kugawiwa.

Jina la nani?

Suala la mwisho huahirishwa mara nyingi, nalo ni jina litakaloandikwa katika hati. Katika ndoa nyingi mume ndiye mwenye hati ya malipo, kwa hivyo mkopo huchukuliwa kwa jina lake, na ploti ikaandikwa vivyo hivyo. Mke aliyelisha familia kwa faida ya mitumba ili mshahara ulipe mkopo haonekani popote katika karatasi.

Sheria humpa kinga kiasi: makao ya ndoa hayawezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Lakini Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa ikivunjika, mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande huonyesha mchango wake, ukiwemo ule usio wa fedha kama vile kulea watoto na kutunza nyumba. Kuthibitisha mchango wa miaka 10 mbele ya hakimu si kazi nyepesi. Kusajili majina mawili tangu siku ya kwanza ni rahisi zaidi. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki dunia, sehemu yake humwendea aliyebaki, na mjane huepuka malumbano na wakwe.

Katika eneo hili kuna sababu nyingine ya kutaka karatasi ziwe kamili. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza maelfu ya watu makwao Molo, Kuresoi, Naivasha na Nakuru penyewe. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi. Serikali iliwapa waathiriwa Sh10,000 za kuanzia maisha, na baadhi ya vikundi vilichanga fedha hizo vikanunua ardhi kwa pamoja. Waliopoteza nyumba hawakuwa salama kwa kuwa na hati. Lakini aliyekuwa nayo, na akaihifadhi, alikuwa na jambo la kudai amani iliporejea.

Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema. Kwa familia changa ya Nakuru, kwenda pole kuna maana iliyo wazi: kwanza upekuzi, kisha mpimaji, kisha ziara wakati wa mvua, kisha swali kuhusu maji, kisha majina mawili katika hati, na baada ya hayo yote ndipo jiwe la kwanza. Hatua tano za mwanzo zinaweza kugharimu miezi michache na kodi ya ziada kwa landilodi. Hatua iliyorukwa hugharimu ile miaka sita ya Sh740 kwa siku, na hakuna sacco inayokopesha miaka.